Karatasi, Reli na Nambari 56: Jinsi Kawangware na Kibera Zilivyojengwa

Kabla Nairobi haijawa jiji, kabla hata haijawa kambi ya reli, watu wa matuta ya Dagoretti walikuwa wakiwauzia chakula wapita njia. Misafara ya pwani iliyokwenda Uganda ilivuka nyika kavu ya Ukambani na mbuga za Wamaasai, kisha ikafika ukingo wa nyanda za juu ikiwa hoi kwa njaa. Hapo ardhi hubadilika. Mashariki udongo ni mweusi, hunata miguuni mvua inaponyesha. Magharibi ni mwekundu, wa asili ya volkeno, na mito midogo imeukata ukawa matuta na mabonde. Katika udongo huo mwekundu Wakikuyu walilima maharagwe, viazi vitamu, mahindi na ndizi, nao wapagazi walihitaji posho ya siku nyingi. Ushanga, nguo na waya vilibadilishwa kwa magunia ya nafaka. Kawangware ya leo imekaa juu ya matuta hayo hayo.

Mnamo Oktoba 1890 Frederick Lugard, akiitumikia Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alifika Dagoretti akajenga ngome. Shabaha yake ilikuwa Uganda. Dagoretti aliitaka kama ghala la chakula njiani. Alikula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa sehemu hiyo, kisha akaendelea na safari. Udugu huo haukumaliza mwaka. Watu wa kampuni na misafara yao walichukua vyakula bila kulipa, wenyeji wakakasirika, ngome ikaachwa, na mwaka 1891 ikajengwa nyingine upande wa Kabete, Fort Smith. Waiyaki alikamatwa humo mwaka 1892, akafia Kibwezi akiwa anapelekwa pwani.

Lugard huyo huyo ndiye aliyekwenda mwaka 1891 hadi karibu na Ziwa Albert akawaandikisha kazi askari wa Kisudani walioachwa nyuma na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudani. Wao na Wasudani wengine waliotumikia Waingereza wakaingia katika jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, na kizazi chao ndicho kinachoitwa Wanubi wa Kibera. Mtu mmoja, basi, aligusa mianzo ya mitaa yote miwili katika muda usiozidi mwaka mmoja, wala hakuna hata mtaa mmoja aliokuwa akiufikiria.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikagonga Kisumu mwishoni mwa 1901. Ilikuwa reli ya aina ambayo wakoloni walijenga barani kote: kutoka bandarini moja kwa moja hadi bara, bila kujali sana waliokaa katikati. Ghana, ambayo wakati huo iliitwa Gold Coast, ilipata yake kutoka Sekondi hadi Kumasi mwaka 1903, ikafuata dhahabu na baadaye kakao. Ya huku ilifuata Uganda na chanzo cha Nile. Walowezi na kahawa vilikuja baadaye ili gharama ilipwe. Nairobi yenyewe ilizaliwa kwa sababu mafundi wa reli walihitaji uwanja tambarare kabla ya kuupanda mteremko mkali wa magharibi.

Mji ulipokua, uligawanywa kwa rangi. Wazungu walijichagulia udongo mwekundu wa juu, penye hewa nzuri. Wahindi wakabanwa karibu na soko. Waafrika wakapewa mashariki, kwenye udongo mweusi. Ripoti ya afya ya Profesa W. J. Simpson ya mwaka 1913 iliupa utengano huo sauti ya kitaalamu. Mwafrika alihesabiwa mjini kama mfanyakazi wa muda, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akavishwa shingoni kipande, yaani cheti cha kazi, aonyeshe ni nani aliyemwajiri.

Kulikuwa na vipenyo viwili tu vya maana upande wa magharibi na kusini ambako Mwafrika aliweza kukaa karibu na mji bila kuwa katika nyumba ya mwajiri. Kimoja kilikuwa Kibera, kingine ukingo wa eneo la hifadhi ya Wakikuyu huko Dagoretti. Kila kimoja kilikuwa na sheria yake ya ardhi, na mtu anayetaka kuelewa kwa nini mitaa hii miwili inafanana kwa macho lakini si kwa mfuko aanzie hapo.

Tuanze na Kibera. Mwaka 1904 jeshi lilitengewa uwanja huko, na kuanzia 1912 askari wa Kinubi waliostaafu waliruhusiwa kujenga na kulima humo kwa vibali. Mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Ulikuwa msitu kwelikweli, na familia zilifyeka, zikapanda mahindi, zikafuga. Wanawake wa Kinubi walijipatia jina mji mzima kwa pombe kali waliyoikeneka. Polisi waliipiga vita kwa miongo kadhaa bila kuimaliza, maana wateja walikuwa wengi, na haikuwa siri kwamba baadhi yao walivaa sare. Fedha hiyo ilijenga nyumba na kusomesha watoto.

Lakini kibali si hatimiliki. Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia, na Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikaona kwamba Wanubi walikuwa wapangaji tu wa dola, wanaokaa kwa hisani yake. Serikali haikuwapa ardhi, haikuwaondoa, wala haikuwajengea. Kutowajengea kulikuwa na hesabu yake: ukipeleka mabomba na barabara mahali unapotaka kupavunja, umewakubali wakazi wake. Hesabu hiyo ilirithiwa na serikali zote zilizofuata.

Dagoretti mambo yalikwenda kwingine. Ukaribu wa misheni ulileta shule mapema: Waskoti walihamia huko kutoka Kibwezi mwaka 1898, wakajikita Thogoto, mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua St Austin's mwaka 1899 na kupanda mibuni ambayo ni miongoni mwa ya kwanza nchini. Shamba hilo la mapadre ndilo lililokuja kuwa mtaa wa Lavington, unaopakana na Kawangware hadi leo. Wakikuyu jirani walifanya kazi katika mibuni hiyo lakini wao wenyewe walizuiliwa kuilima hadi miaka ya 1950.

Mmoja wa waliosoma Thogoto aliajiriwa na baraza la mji miaka ya 1920 kuzunguka akisoma mita za maji. Mshahara ulikuwa mzuri kwa kijana Mwafrika wa wakati ule, akanunua baiskeli, akajenga kibanda Dagoretti alichokitumia kama duka na kukiita Kinyata Stores. Alikuwa Jomo Kenyatta. Rais wa kwanza wa Kenya aliwahi kufanya kazi ya kuhesabu maji ya mabombani, huduma ambayo majirani zake wa Dagoretti wangeisubiri kwa miaka mingi.

Kilichoitenga Kawangware na Kibera moja kwa moja kilitokea wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Mnamo Aprili 1954 jeshi lilifanya Operesheni Anvil, likawasomba Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka Nairobi kwa maelfu na kuwapeleka vizuizini. Mwaka huo huo ulitoka mpango wa Roger Swynnerton, ofisa wa kilimo wa serikali, wa kuunganisha vipande vya mashamba, kuvipima na kuvitolea hati za watu binafsi. Nia ilikuwa ya kisiasa kama ilivyokuwa ya kilimo: kuunda tabaka la wakulima wenye mali ya kulinda. Kiambu, ambako Dagoretti ilihesabiwa, ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kupimwa. Wengi waliokuwa vizuizini walipoteza ardhi. Waliobaki na walioshirikiana na serikali walitoka na karatasi.

Halafu, mwaka 1963, mpaka wa jiji ukasukumwa hadi karibu kilomita za mraba 690. Mashamba ya Kawangware, Riruta, Kangemi na Waithaka yaliingia jijini yakiwa na wenyewe, migomba yao na hati zao. Vikwazo vya kuingia mjini vililegea na watu wakaja: wakazi wa Nairobi walikuwa 118,976 mwaka 1948, mwaka 1969 walikuwa 509,286. Mwenye nusu ekari Kawangware hakuhitaji kufundishwa. Aling'oa mahindi, akajenga safu mbili za vyumba vya mbao na mabati zikitazamana, bomba moja uani, choo kimoja mwisho wa ua, kila chumba na familia yake. Kodi ya mwezi mmoja ilizidi mavuno ya msimu. Wapangaji walitoka Magharibi, Nyanza, Ukambani na Kisii, na ndiyo maana katika sehemu ya Kawangware inayoitwa 56 Kiluhya leo husikika kama Kikuyu. Kazi zilikuwa ng'ambo ya barabara tu: kina mama wa kufua Lavington na Kileleshwa, mabawabu, watunza bustani, mafundi wa ujenzi waliotoka alfajiri kwa miguu.

Kibera ilijengwa kwa wakati huo huo na kwa mabati hayo hayo, ila aliyejenga alikuwa na neno la chifu badala ya hati. Asiye na uhakika wa kesho hajengi kwa mawe. Huweka udongo na mabati, hudai kodi ya kurudisha gharama upesi, naye huishi kwingine. Wanubi walijikuta wachache katika ardhi waliyoifyeka, nao wapangaji, ambao ndio wengi mno, wakalipa kodi kwa watu wasioweza kuuza hata kiwanja kimoja kihalali.

Usafiri ulifuata watu. Kampuni ya mabasi ya Kenya Bus ilianza Nairobi mwaka 1934, na kwa muda mrefu ilitumikia mitaa iliyopangwa. Matuta ya nje yalibaki kwa magari madogo yasiyo na leseni, yaitwayo matatu, yaliyokimbizana na polisi, hadi Kenyatta alipotangaza mwaka 1973 kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi. Hapo Kawangware ikafunguka. Steji zake mbili kubwa, 46 na 56, zinaitwa kwa nambari za njia za magari, na pembeni mwa kila moja soko lilijipanga lenyewe: mama mboga, mitumba, makaa, mafundi viatu, samaki wa kukaanga jioni makanga wanapoita abiria wa mwisho. Masharti ya Waziri wa Uchukuzi John Michuki ya mwaka 2004, yenye mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, yalibadilisha magari kuliko yalivyobadilisha steji.

Reli ilikuwa na kisa kingine. Mataruma yanapita katikati ya Kibera, na kwa miaka mingi garimoshi za mizigo zilipita penye vibanda vilivyo hatua chache kutoka kwenye vyuma. Mnamo Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli hiyo. Mizigo ya Uganda ilikwama, na Kampala, ambayo tayari ilikuwa na uhaba wa mafuta, ikaumia zaidi. Wachumi walikuwa wakiandika kuhusu umuhimu wa ushoroba wa Mombasa hadi Kampala kwa miongo. Ilitosha mtaa mmoja usio kwenye ramani za mipango kuufunga.

Maji nayo yalipita. Bwawa la Nairobi lilijengwa bondeni kando ya Kibera miaka ya 1950, likawa na klabu ya mashua, kabla ya taka na magugumaji kulifunika. Bwawa la Ndakaini lilipokamilika katikati ya miaka ya 1990 jiji lilipata maji mengi, lakini Kibera iliendelea kuyanunua kwa mtungi. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba wakazi wa vitongoji duni vya Nairobi walilipia maji mara tano hadi kumi zaidi ya matajiri wa jiji hilo hilo. Hali hiyo ndiyo iliyolifanya shirika la SHOFCO kupitisha mabomba ya maji juu ya paa, kwenye nguzo, yasikatwe wala kuchanganyika na majitaka.

Hata idadi ya watu iligombaniwa. Kwa miaka mingi wageni waliambiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu 170,070. Wafadhili na wanasiasa hawakuipenda, kwa kuwa mradi mkubwa huhitaji umati mkubwa.

Tangu 2009 serikali ilipowahamisha baadhi ya wakazi wa Soweto Mashariki, sehemu ya Kibera, hadi magorofa ya Lang'ata, ahadi za nyumba zimekuja kwa vipande. Barabara zimekuja kwa haraka zaidi. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu waliondoka bila fidia, kwa kuwa hawakuwa na hati ya kudai. Kawangware barabara inapopanuliwa, mwenye kiwanja huandikiwa hundi, ingawa mpangaji wake hufungasha vilevile bila kitu. Na pale ambapo haijapanuliwa, mabanda ya mbao yanabomolewa na wenyewe, magorofa ya mawe yanapanda, na kodi inapanda nayo.

Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hatimiliki ya jumuiya kwa sehemu yao ya Kibera. Ilikuwa ya ekari 288.