Kamani, springi na shokomzoba: Historia iliyo chini ya gari

Majuzi nilimpelekea fundi gari langu kuukuu, Toyota Prado la mwaka 1998 ambalo limekwisha kwenda kilomita 340,000. Lilikuwa likigonga upande wa mbele na kuyumba kila lilipovuka tuta. Nilimwambia kwa uhakika wa mwalimu: "Springi zimekufa." Tena nilikuwa nimekwisha kununua mbili mpya katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mahali ambapo wengi wangali wanapaita Grogan, jina lililoachwa na ukoloni.

Fundi aliingia chini ya gari, kisha akatoka akitikisa kichwa. "Mwalimu, springi ziko sawa. Shoki ndizo zimekufa, bushi zimeliwa, na hii boljointi ya chini inacheza. Ikichomoka, tairi inalala. Hamngefika."

Nilinyamaza. Siku mbili baadaye nilikuwa nimpeleke mamangu Busia. Kumbe kosa la msamiati lingeweza kutuua.

Tuanze na hilo neno nililolikosea. Kabla ya "springi" kuenea, Kiswahili kilikuwa na "kamani", neno tulilolipata kutoka Kihindi, na ambalo wazee walilitumia kwa springi ya saa. Asili yake ya mbali ni Kiajemi, ambako "kamān" ni upinde. Ulinganisho huo unaeleweka ukichungulia chini ya Land Rover za kwanza za mwaka 1948: utaona vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, vikapindwa kama upinde. Range Rover ilipotoka mwaka 1970 ilikuwa na springi za kuviringwa mbele na nyuma, na upinde ukaanza kutoweka machoni. Neno nalo lilikuwa limepitwa. "Springi" iliingia pamoja na breki, tairi na spana za Kiingereza, ikaiachia kamani saa peke yake. Hata hivyo, "gari" lenyewe ni la Kihindi, na "usukani" ni neno la Kiarabu lililoongoza vyombo vya baharini kabla ya kuongoza magari.

Kazi ya springi ni kubeba uzito. Shokomzoba, ambayo vijana wa gereji wameikata ikawa "shoki", haibebi uzito, inatuliza mdundo. Ndani yake mafuta husukumwa kupitia vitundu vidogo, na yakivuja gari hurukaruka kama mtumbwi. Sikio la Mswahili lilikataa konsonanti za "absorber", likaunda "mzoba", ambayo mgeni angedhani ni nomino yetu yenye kiambishi m-. Lakini upatanisho unamuumbua: shokomzoba imevuja, wala si umevuja.

"Bushi" nayo haihusiani na kichaka. Waingereza waliitoa kwa Waholanzi, kwao ikiwa na maana ya kijaluba au kikasha. Ndiyo raba inayokaa kwenye maungio ya chuma, ikinyonya mgongano hadi ipasuke kwa uzee.

Basi majina yote haya ni ya kuazima. Je, Kiswahili cha gereji ni maskini? La hasha. Rudi kwenye kauli ya fundi wangu usikilize vitenzi. Springi hulala au hukatika. Shoki hufa. Bushi huliwa. Boljointi hucheza, kisha huchomoka. Kila kifaa kina namna yake ya kuchakaa, na kila namna ina kitenzi cha Kibantu ambacho hakikuazimwa popote. Kamani ilipoondoka na springi ikaja, kulala na kukatika vilibaki palepale. Ujuzi wa fundi umo katika vitenzi hivyo.

Tunaounda istilahi maofisini huanza na nomino na mara nyingi huishia hapo. Nashauri tuwaendee mafundi wa jua kali na kuandika vitenzi vyao kabla havijapotea. Mimi nilisema "zimekufa" kuhusu kitu ambacho hakifi, na fundi akajua papo hapo kwamba sijui nisemalo.

Tulibadilisha shoki na boljointi pande zote mbili, tukatia bushi mpya, tukapima mwelekeo wa magurudumu. Mama alisinzia hadi Busia. Zile springi nilizonunua zingali stoo.