Fumbo la maneno lenye jibu la siri

Hili ni fumbo la mraba ambalo, visanduku vikishajaa, bado lina jibu moja lililofichwa. Fumbo la maneno la Arthur Wynne, babu wa mafumbo haya, lilitoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913.

Tuchukue mfano wa fumbo kuhusu Ilemela, wilaya iliyo kando ya ziwa. Majibu, kwa mfuatano wa namba, ni Sangara, Ukerewe, Kirumba, Uvuvi, Mwaloni na Abiria. Swali la mwisho, la jibu lililofichwa, lauliza: ni watu gani? Yote yananukia ziwa na soko la samaki la Mwaloni, hivyo mjazaji hukimbilia “wavuvi”. Mtego huo ni mzuri kwelikweli, maana kila jibu linauunga mkono. Herufi za kwanza, zikisomwa kwa mfuatano, ndizo zinazotoa jibu: Sukuma.