Mwanga na Wanga: Maneno ya Nuru Kando ya Ziwa

Mpenzi wa ushairi wa pwani analijua neno mwanga kwa sura mbili. Wingi wake ukiwa mianga, ni nuru. Wingi wake ukiwa wanga, ni yule atembeaye usiku kuwadhuru wenziwe. Washairi wetu wana haki ya kulichezea kwa mafumbo. Lakini kule Mwanza, na kandokando ya Ziwa Viktoria, maana hizo mbili zilikutana juu ya mwili wa binadamu, wala hapakuwa na mchezo.

Tuanze na nuru. Mwaka 1801, huko Jena, Ujerumani, Johann Wilhelm Ritter aliweka kloridi ya fedha kwenye rangi za jua lililopitishwa katika mche wa kioo. Akaona inasawijika upesi zaidi nje ya rangi ya urujuani, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kiswahili kimeiita miale hiyo urujuanimno, yaani iliyoupita urujuani. Ni neno zuri, limeundwa kwa mali yetu wenyewe. Hasara yake ni kwamba limebaki vitabuni. Mkulima husema jua kali, na kwake ukali ni joto. Kumbe kinachoichoma ngozi si joto. Miale hiyo hupenya hata siku ya mawingu na ubaridi, na Mwanza, iliyo nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huipokea kwa wingi mwaka mzima.

Kinga ya ngozi ni rangi iitwayo melanini. Mwenye ualbino huzaliwa nayo haba, au hana kabisa. Hali hiyo hurithiwa kwa wazazi wote wawili, ambao aghalabu wenyewe ni weusi kama jirani zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 uliwakuta Watanzania wengi wa hali hiyo wana pengo lilelile katika jeni moja. Mama wangapi walifukuzwa majumbani kwa tuhuma ya uzinzi! Jicho nalo huingiwa na nuru bila pazia, hutikisika lenyewe, na huona kwa shida hata likivishwa miwani.

Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Bugando, ile iliyo kilimani mjini Mwanza, walichapisha hesabu ya watu 64 wenye ualbino waliotibiwa saratani ya ngozi hapo tangu 2001 hadi 2010. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 30. Uvimbe na vidonda vilikuwa zaidi kichwani na shingoni, na wengi walifika maradhi yamekwisha kukomaa. Soma hesabu hiyo, kisha ukumbuke usemi uliozagaa nchini kuwa zeruzeru hafi, hutoweka. Walikuwa wakifa, tena vijana, kwa jua.

Usemi huo haukuwa wa kuchekesha. Asiyekufa kama watu huhesabiwa si mtu. Kuanzia 2007 Kanda ya Ziwa ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, viungo vyao vikiuzwa kwa waliodanganywa kuwa vitawaletea samaki, dhahabu au cheo. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipiga marufuku shughuli za waganga wa jadi. Septemba mwaka huohuo, mahakama iliyoketi Kahama ikawahukumu watu watatu kifo kwa kumwua kijana mmoja. Watoto walipelekwa kuhifadhiwa katika shule ya Mitindo, Misungwi, iliyokuwa ya wasioona.

Jina nalo likabadilika, kutoka zeruzeru hadi mtu mwenye ualbino. Nimesikia malalamiko kwamba maneno matatu ni mzigo kwa mizani ya shairi. Basi mizani ivumilie, kwani neno la kwanza katika hayo matatu ndilo lililokuwa likikosekana.

Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, tangu miaka ya 2010 hutengenezwa losheni ya kuwakinga na urujuanimno. Aliye juani hupaswa kuipaka tena kila baada ya saa mbili hivi, na msimu wa kupalilia mtu hushinda shambani tangu alfajiri.