Picha za Matabaka: Jina la Chombo na Uhai wa Mgonjwa

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya chombo kimoja cha tiba pamoja na majina yake katika Kiswahili, na kuonyesha kwamba istilahi ikiteuliwa ovyo, anayeumia ni mgonjwa.

Mwezi Novemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua mionzi inayopenya mwilini. Kwa kuwa hakujua asili yake, aliipa herufi ambayo wanahisabati huitumia kwa kitu kisichojulikana. Herufi hiyo ndiyo iliyozaa neno letu "eksirei", ambalo sasa ni la wote, mjini na shamba. Hata hivyo, picha ya eksirei ni kama kivuli ukutani: cha mbele na cha nyuma huchanganyika, na fuvu huuficha ubongo.

Upungufu huo uliondolewa na watu wawili waliofanya kazi mbalimbali bila kushirikiana. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo hilo mwaka 1956 alipofanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, na akachapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964. Naye Godfrey Hounsfield wa Uingereza aliunda mashine yenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobeli. Mashine hiyo hupitisha mionzi kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hupiga hesabu na kuuonyesha mwili tabaka kwa tabaka, mithili ya mkate uliokatwa vipande, ila hapa hakuna kisu.

Kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa uwanda wa kati walipelekwa Dar es Salaam kutafuta kipimo hicho, safari ya kilomita zipatazo 450 kutoka Dodoma. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa Dodoma mwaka 2015, imeisogeza huduma hiyo karibu nao.

Faida yake huonekana wazi katika kiharusi. Lugha yetu ina neno moja tu, lakini maradhi ni mawili: mshipa wa ubongo umeziba, au umepasuka na damu inavuja. Kwa macho, dalili zaweza kufanana kabisa: mdomo umepinda, mkono umelegea. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu hivi, humfaa wa kwanza na yaweza kumwua wa pili. Picha ndiyo inayomwongoza daktari. Basi lugha nayo haina budi kutenganisha: "kiharusi cha kuziba" na "kiharusi cha kuvuja".

Na chombo chenyewe tukiiteje? Wananchi husema "siti skani". Jina hilo limeenea, lakini halielezi kitu. "Tomografia", lenye asili ya Kiyunani yenye maana ya kukata, lawafaa wataalamu. "Picha za mkato" lingekuwa sahihi, lakini mgonjwa anayesikia "mkato" hukumbuka kisu. Kusema "mionzi" peke yake ni hatari zaidi, kwani neno hilo hutumika pia kwa tiba ya saratani. Mtu aweza kurudi nyumbani akiamini kwamba amekwisha kuhukumiwa.

Kwa hiyo tunapendekeza "picha za matabaka". Haikusudiwi kuifukuza "siti skani" vinywani mwa watu. Kompyuta iliwahi kupewa majina "ngamizi" na "tarakilishi", na Tanzania watu wengi wakabaki na "kompyuta". Linalotakiwa ni kwamba mgonjwa anapoombwa kulala juu ya kitanda cha mashine hiyo, awe ameelezwa kwa maneno anayoyafahamu kwamba anapigwa picha, wala hakatwi. Chombo kimekwisha kutenganisha yaliyochanganyika. Lugha isiyachanganye tena.