Mizinga ya Ngome, Karatasi za Nairobi

Ukiingia Ngome ya Yesu, utaonyeshwa mizinga kabla ya kitu kingine chochote. Waelekezi wanaijua kazi yao. Watakwambia Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwamba Waomani waliizingira karibu miaka mitatu mpaka wakaiteka Desemba 1698, na kwamba imebadilisha mikono mara nyingi kuliko shilingi ya sokoni. Hadithi ni tamu na funzo lake ni moja: aliyeishika ngome ndiye aliyeishika Mombasa.

Funzo hilo lilikuwa kweli kwa miaka mia tatu hivi, halafu likafika mwisho. Mwaka 1895 Waingereza walikubaliana na Sultani wa Zanzibar wautawale ukanda wa maili 10 wa pwani kwa niaba yake, naye alipwe kila mwaka. Ngome wakaigeuza jela, na ikabaki jela hadi 1958. Hebu fikiria. Una ngome imara kuliko zote katika pwani hii, halafu unaitumia kufungia wezi wa kuku. Maana yake ni kwamba huihitaji tena kutawala.

Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya ukuta ule, lakini mwaka 1905 makao makuu ya serikali yalihama Mombasa kwenda Nairobi. Madaraka yalipanda treni, mizinga ikabaki ikitazama bahari. Tangu hapo, kinachoamua mtu wa Kisauni au Likoni atalala wapi ni karatasi inayosomwa kilomita karibu 480 kutoka hapa. Karatasi hiyo inaitwa mswada, na historia yake ndiyo ambayo hakuna anayetutembeza kuionyesha.

Nianze na mmoja tu. Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza Agosti 1907. Wajumbe wake hawakuchaguliwa na mtu, waliteuliwa, na wote walikuwa Wazungu. Mwafrika wa kwanza kuketi humo, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Kwa hiyo mwaka 1908, Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ilipopita, hapakuwa na Mswahili, Mgiriama wala Mdigo wa kuuliza hata swali moja. Na sheria yenyewe ilikuwa ya pwani hasa.

Ilikuwa inafanya kazi hivi. Serikali ilitangaza eneo fulani, ikaweka muda, ikasema: mwenye kudai ardhi humu aje kwa msajili na ushahidi wake. Aliyekubaliwa alipewa hati ya kumiliki moja kwa moja. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Ukisoma haraka utasema mbona ni haki, kila mtu alipewa nafasi. Lakini angalia nafasi hiyo ilitengenezwa kwa umbo la nani. Mwenye karatasi za kadhi, anayeishi mjini, anayejua ofisi iko wapi, alifika. Mmijikenda, ambaye ardhi ya ukoo wake haikuwa ya mtu mmoja, angeenda kudai kwa jina la nani? Pwani hii mtu aliweza kumiliki minazi bila kumiliki udongo ulio chini yake. Fomu ya msajili haikuwa na mahali pa kuandika hayo.

Basi wengi hawakudai, na kutodai kwao kukaandikwa kama jibu. Sheria ile haikumfukuza mtu kwa bunduki. Ilihesabu kimya tu.

Matokeo yake tunaishi nayo. Bibi yangu ana nyumba Kisauni. Kuta ni zake, mabati ni yake, mlango alinunua mwenyewe, ila kila mwezi analipa kodi ya kiwanja kwa mtu ambaye sisi wajukuu hatujawahi kumwona. Nyumba yake, ardhi ya mwenyewe. Ukikulia Mombasa huoni ajabu, maana nusu ya jirani zako wako hivyo. Mgeni kutoka bara ndiye anayeuliza: sasa mtu anajengaje kwenye ardhi isiyo yake? Nami humjibu: swali sahihi ni ardhi hii iliachaje kuwa ya waliokuwa juu yake.

Uhuru ulipokaribia kulikuwa na nafasi ya kulirudia swali hilo. Watu wa vuguvugu la Mwambao walitaka ukanda wa pwani ujitenge, wengine wakapinga vikali. Mwishowe, Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walikubaliana: ukanda ubaki Kenya, mahakama za kadhi zilindwe, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa pwani zitambuliwe. Bendera ya Sultani ikashuka Desemba, lakini hati za mwaka 1908 hazikushuka nayo. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 2012, Bunge lilipopitisha Sheria ya Usajili wa Ardhi. Miaka 104! Hata Wareno hawakudumu kiasi hicho ndani ya Ngome ya Yesu kwa mfululizo.

Ndiyo sababu nashangaa tunapozungumzia sheria kana kwamba huzaliwa siku ya kura, wabunge wakipiga kelele kwenye runinga. Siku ya kura mara nyingi mambo yamekwisha. Mswada huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, husomwa mara ya kwanza kwa kutajwa jina tu, bila mjadala, kisha hupelekwa kwenye kamati. Wa ardhi huenda Kamati ya Ardhi, wa kodi huenda Kamati ya Fedha na Mipango. Huko ndiko unakochambuliwa kifungu kwa kifungu. Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinataka vikao vya kamati viwe wazi na umma ushirikishwe. Kwa hiyo hutoka tangazo gazetini: maoni yamfikie Karani wa Bunge kabla ya tarehe fulani, saa kumi na moja jioni.

Unaliona umbo hilo? Tangazo, muda, ofisi, na anayekaa kimya hahesabiki. Mswada wenyewe aghlabu uko kwa Kiingereza cha mawakili. Mzee wa Mji wa Kale anayeweza kukuchambulia siasa za Mazrui na Busaidi baraza nzima atapewa kurasa mia moja ambazo hazikuandikwa ili azielewe.

Lakini kuna tofauti, na mwaka 2024 tuliiona. Mswada wa Fedha ulikuwa na kodi ya asilimia 16 kwenye mkate. Tarehe 18 Juni vijana walianza kuingia barabarani, na siku hiyo hiyo mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, Kuria Kimani, akatangaza kwamba kodi ya mkate imeondolewa. Bunge zima lilikuwa bado halijapiga kura hata moja. Mkate uliokolewa kwenye kamati.

Kilichofuata tunakijua, na wengine walikilipia kwa maisha yao. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha mswada, 106 wakaukataa, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Mtu atasema basi maoni ya kamati ni mchezo, kilichofanya kazi ni barabara. Mimi nasema vilifanya kazi pamoja. Watu walikuwa wameusoma mswada. Waliutafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakausambaza kwa simu, wakaja barabarani wakijua vifungu kwa namba. Mwaka 1908 hakuna aliyeweza kufanya hivyo, hata kama angetaka.

Swali langu ni kwa nini nguvu ile huja kwa kodi tu. Miswada ya ardhi huingia Bungeni kila muhula, hupelekwa Kamati ya Ardhi, na tarehe ya mwisho hupita huku sisi tukibishana habari za mpira. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, libadilishe au lifute sheria. Huhitaji digrii. Mimi mwenyewe sikumaliza chuo. Unahitaji kusoma, kuandika jina lako, na kufika kabla ya saa kumi na moja.

Kodi ya kiwanja ya bibi yangu ilianza na watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye daftari la msajili. Mswada mwingine wa ardhi utakuja, na Karani wa Bunge atafungua daftari jingine.