Uondoaji chumvi

nomino, ngeli ya U. Kitenzi: -ondoa chumvi.

Maana. Kazi ya kutenganisha maji na chumvi iliyoyeyuka ndani yake. Hufanywa kwa kuyachemsha maji na kukusanya mvuke wake, au kwa kuyasukuma kwa shinikizo kubwa yapite katika utando.

Utando. Kwa kawaida ni kitu chembamba kilichotanda, kama utando wa buibui. Katika taaluma hii ni karatasi nyembamba ya kiwandani inayopitisha maji na kuzuia sehemu kubwa ya chumvi. Maji yakiachwa yenyewe huelekea upande wenye chumvi nyingi (osmosisi). Shinikizo huyalazimisha kurudi, ndipo likapatikana jina *osmosisi ya kinyume*.

Tofautisha na kuchuja. *Kuchuja* hutenga kigumu na kiowevu: tui huchujwa kwa kifumbu, chai kwa chujio. Chumvi iliyokwisha kuyeyuka hupita pamoja na maji. Mchuzi uliozidi chumvi hauponywi na chujio. Kwa hiyo “maji ya chumvi yalichujwa” humwambia msomaji kwamba matope yametoka, si chumvi.

Maji ya mitaro ya mashamba. Maji ya umwagiliaji huyeyusha chumvi ya udongoni. Mimea hunywa maji na kuiacha chumvi. Yanayotoka mitaroni yasiitwe *maji taka*, maana jina hilo huhusu maji machafu ya vyooni, majumbani na viwandani.

Mfano mashuhuri ni wa Yuma, Arizona, nchini Marekani. Katika miaka ya 1960 maji ya mitaro ya mashamba ya huko yaliongeza chumvi katika mto Colorado, na wakulima wa Meksiko, walio chini ya mto, wakaathirika. Kufuatia makubaliano ya 1973 kati ya nchi hizo, Marekani ilijenga kiwanda cha utando, kilichokamilika mwaka 1992. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu, kikasimama baada ya mafuriko ya 1993. Wakati huohuo maji ya mitaro, yaliyokuwa yakielekezwa Meksiko kwa mfereji tangu 1977, yalikuwa yamestawisha kinamasi cha Ciénega de Santa Clara, makao ya ndege wengi. Maji yaliyohesabiwa kuwa mzigo yakawa uhai wa viumbe wengine.

Angalizo kwa watafsiri. Kitenzi *-ondoa* kinaweza kudhaniwa kuwa chumvi imetoweka. Haitoweki, huhamishwa. Robo tatu ya maji ikisafishwa, robo inayosalia hubeba karibu chumvi yote, na ukali wake hukaribia mara nne ya ule wa awali. Masalia hayo yaitwe *maji ya chumvi kali*, na tafsiri itaje yanakopelekwa kila matini asilia inapotaja.

Mifano
– Maji ya mitaro yaliondolewa chumvi, yakarudishwa mashambani.
– Maji ya chumvi kali yaliyosalia yalipelekwa kwenye mabwawa ya kuvukizia.