Mailo na Kibanja: Ardhi Moja, Wenyewe Wawili

Kijana anayeanza kutafuta ploti wilayani Wakiso, nje ya Kampala, huonyeshwa na madalali vipande viwili vya ardhi vinavyofanana kwa kila kitu isipokuwa bei. Udongo ni ule ule na barabara ni ile ile. Kimoja kina hatimiliki, na bei yake ni ya kukatisha tamaa. Kingine kinaitwa kibanja, nacho ni nafuu kiasi cha kumshawishi mtu mwenye akiba ndogo. Wengi husema hayo ni mambo ya soko tu. Mimi naona soko halikuanzisha tofauti hiyo bali liliikuta.

Tarehe 10 Machi 1900 Sir Harry Johnston, kwa niaba ya Uingereza, alitia saini mkataba na Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto ambaye hajatimiza miaka minne, kwa hiyo waliosimama mahali pake ni wasimamizi watatu: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mkataba ulikadiria kwamba Buganda ina maili za mraba 19,600. Zaidi ya nusu ilichukuliwa na serikali ya kikoloni. Kabaka alitengewa maili 350, na maili 8,000 zikawa za machifu na wamiliki binafsi wapatao 1,000, ambao wasimamizi wenyewe walikuwa miongoni mwao. Kwa kuwa ardhi iligawiwa kwa maili, ikaitwa mailo, na jina hilo liko katika sheria zetu hadi leo.

Linalonishangaza kila nisomapo mkataba huo ni kwamba ardhi iliyogawiwa ilikuwa na watu. Kabla ya hapo chifu alihitaji watu kuliko alivyohitaji udongo. Mkulima aliyechoshwa na chifu mmoja aliweza kuhamia kwa mwingine. Baada ya 1900 chifu alikuwa na hati, na hati huuzwa na kurithiwa. Mkulima alibaki na kibanja chake, yaani mahali pa nyumba na migomba, bila karatasi yoyote. (Mwanafunzi wa Kiswahili asidanganywe na ufanano wa neno hili na kiwanja. Kwa Wahaya wa Tanzania pia kibanja ni shamba la migomba, mahali ambapo watu wanaishi.)

Pamba ilipoanza kuleta fedha, wenye mailo walidai zaidi: busuulu, ambayo ni kodi ya kukaa, na envujjo, ambayo ni sehemu ya mazao. Malalamiko yalizidi hadi ikatungwa sheria ya 1928, iliyoweka busuulu kuwa shilingi 10 kwa mwaka na kumkataza mwenye mailo kumfukuza mkulima bila amri ya mahakama. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo siku kibanja kilipogeuka kuwa mali. Kitu ambacho mtu hawezi kunyang'anywa ovyo kina thamani, na chenye thamani hupata mnunuzi.

Mwaka 1975 Idi Amin alitangaza ardhi yote kuwa ya umma, mailo zikageuzwa kuwa za kukodi, na kinga ya 1928 ikaondolewa. Katiba ya 1995 ilirudisha mailo. Sheria ya Ardhi ya 1998 nayo ikamlinda mwenye kibanja, pamoja na yule aliyekaa mahali miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba bila mwenyewe kumpinga. Marekebisho ya 2010 yaliongeza kwamba hafukuzwi ila kwa kutolipa kodi ya mwaka, tena kwa amri ya mahakama. Lakini akitaka kuuza, lazima mwenye mailo apewe nafasi ya kwanza ya kununua.

Nimeyasoma haya kwa sababu ya darasa, na pia kwa sababu ya nyumbani. Mimi na kaka zangu wawili tumekuwa tukiweka akiba. Mkubwa ni mwendesha boda boda, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni jasho lake. Tulionyeshwa kibanja huko Wakiso. Kaka alitaka kujua bei na umbali wa maji. Karatasi waliniachia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliye chuoni.

Dalali alitupa makubaliano ya mauzo yenye mhuri wa mwenyekiti wa kijiji, akasema yanatosha. Mhuri ule unathibitisha kwamba majirani wanamjua muuzaji. Kuhusu mwenye mailo hausemi chochote. Niliomba stakabadhi za busuulu. Muuzaji, mzee mpole sana, akaleta bahasha. Ya mwisho ilikuwa ya 2016. Alieleza kwamba mwenye mailo alifariki mwaka huo, warithi wake hawajagawana, na kila anapopeleka kodi wanakataa kuipokea. Namwamini. Wapo warithi wanaokataa makusudi, ili baadaye waseme hawajalipwa.

Sasa kaka yangu mkubwa anawatafuta warithi hao, maana ridhaa ya mmoja wao haitoshi. Amewapata wawili kati ya watano, na fedha zetu bado ziko benki.